MBUZI MMOJA, SHILINGI MILIONI 600: Historia ya Uwindaji wa Milimani na Swali la Nani Anakula Hiyo Pesa

Mwishoni mwa mwaka 2024, jamaa mmoja kutoka Marekani alivuka nusu ya dunia, akafika kwenye milima ya Chitral kaskazini mwa Pakistan, akapiga mbuzi. Mmoja tu. Kibali cha kumpiga huyo mbuzi kilimtoka dola 271,000. Kwa pesa ya Bongo ni zaidi ya shilingi milioni 600, na hapo bado hujaweka tiketi ya ndege, waongozaji wala bunduki.

Iweke hiyo hesabu vizuri kichwani. Ni pesa ya kununua bodaboda mpya zaidi ya 150. Na kwa kawaida mwindaji wa aina hii haondoki hata na nyama. Nyama inabaki kijijini, yeye anabeba pembe na ngozi za kwenda kuweka ukutani kwake.

Ukiisikia juu juu unaweza kusema huyu jamaa pesa zimemzidi akili. Lakini nyuma ya hiyo bei kuna historia ya miaka mia kadhaa. Ndani yake kuna wafalme, majangili, dawa za kienyeji za Wazungu, wana wa rais wa Marekani na chifu mmoja wa Balochistan aliyechoka kuona milima yake imekuwa mitupu. Twist yake ni kwamba wanyama hawa waliwahi kukaribia kwisha kwa sababu walikuwa na bei, na baadhi yao wapo hai leo kwa sababu hiyo hiyo.

SIO MBUZI WA KWENYE SUPU

Kwanza tofauti ieleweke. Hapa hawazungumziwi mbuzi wa kufuga wala wale wa mnadani Pugu. Hawa ni mbuzi na kondoo wa porini wanaoishi kwenye majabali ya milima mirefu ya Ulaya, Asia, Amerika ya Kaskazini na kona chache za Afrika.

Yule wa Pakistan anaitwa markhor, na ndiye mnyama wa taifa la nchi hiyo. Dume wake anaweza kufikisha kilo 100, ana ndevu ndefu mpaka kifuani, na pembe zimejisokota kama skrubu kuelekea juu, nyingine zikipita mita moja na nusu. Milima ya Alps huko Ulaya ina ibex, mwenye pembe nene zilizopinda kurudi nyuma. Marekani na Kanada wana kondoo mwitu ambao madume wao pembe zinazunguka mpaka zinatengeneza duara pembeni mwa uso. Halafu kuna kondoo wa Marco Polo kwenye safu ya Pamir, kule Tajikistan na nchi jirani. Huyu pembe zake zinaweza kuwa ndefu kuliko mtu mzima ukizipima kwa kufuata mzunguko.

Tanzania hatuna hawa. Yule anayeitwa mbuzi mawe, anayerukaruka kwenye miamba ya Serengeti, ni swala mdogo aliyepewa tu hilo jina. Ibex wa karibu zaidi na sisi yupo Ethiopia, anaitwa walia, na duniani kote anaishi porini kwenye milima ya Simien tu. Haruhusiwi kuwindwa, na idadi yake ni ndogo kiasi cha kutisha.

KWA NINI KUMPATA NI SHUGHULI

Mtu anaweza kuuliza: mbuzi tu, ugumu uko wapi?

Ugumu unaanzia kwenye hewa. Kondoo wa Marco Polo wanaishi juu ya mita 4,000. Waliowahi kupanda Kilimanjaro na kulala Kibo, kama mita 4,700, wanajua kichwa kinavyogonga na kifua kinavyobana hata kama umekaa tu. Ukiwa mita 4,000, kila pumzi unayovuta ina kama asilimia 60 tu ya oksijeni ambayo ungeipata ukiwa Coco Beach. Sasa ongeza theluji, mzigo mgongoni na mteremko ambao ukiteleza hakuna wa kukudaka.

Halafu macho. Wanyama hawa wanaona mbali mno. Wanalala sehemu ambayo bonde lote liko wazi mbele yao, na mara nyingi kundi lina majike wazee ambao wakishtuka kidogo tu, wote wanaondoka. Wamezoea hatari itoke chini, ndiyo maana wawindaji wazoefu huzunguka mlima kwa masaa mengi ili watokee kwa juu.

Upepo nao una mambo yake. Asubuhi jua likipasha mteremko, hewa inapanda kutoka bondeni kwenda kileleni. Jioni mlima ukipoa, hewa inashuka. Maana yake ni kwamba mwindaji aliyejipanga vizuri saa mbili asubuhi anaweza kusalitiwa na jasho lake mwenyewe mchana. Harufu ikifika kwa kundi, kazi ya siku tatu imekwisha.

Na hata ukimwona, bado hujui kama ndiye. Karibu kila mahali panaporuhusiwa uwindaji huu, anayetakiwa ni dume mzee tu. Umri unasomwa kwenye pembe: kila baridi kali inapokuja, ukuaji wa pembe unapungua na kuacha alama ya pete. Muongozaji analala kifudifudi kwenye theluji na darubini, anahesabu pete moja moja kwenye mnyama aliye mita mia kadhaa. Alaska sheria inataka kondoo dume awe na pembe iliyokamilisha mzunguko mzima, au ncha zote mbili ziwe zimevunjika, au awe amefikisha miaka minane. Ukikosea umevunja sheria, na pembe zinachukuliwa.

Mwisho kabisa kuna risasi yenyewe. Ukipiga kwenda chini kwa mteremko mkali, risasi hupita juu kidogo ya pale ulipolenga, kwa sababu mvutano wa dunia hauifanyii kazi kwa umbali wote unaouona kwa jicho. Na mnyama akipigwa vibaya anaweza kuanguka kwenye korongo ambalo hakuna binadamu wa kulifikia. Ndiyo maana wapo waliolipa pesa ndefu, wakakaa kwenye hema siku kumi, wakarudi nyumbani mikono mitupu. Kibali hakina garantii.

ENZI ZA DAWA: KILA KIUNGO KILIKUWA NA MTEJA

Zamani watu wa Alps waliwinda ibex kwa ajili ya kula, kama kawaida. Balaa lilianza pale mnyama alipogeuka kuwa duka la dawa.

Kwa karne kadhaa Ulaya iliamini kwamba ibex ana nguvu za ajabu. Hebu fikiria: mnyama anayetembea kwenye ukuta wa jiwe bila kuanguka, lazima ana kitu mwilini! Basi damu yake ikauzwa kama dawa. Pembe zikasagwa unga. Kuna jiwe dogo linalojitengeneza tumboni mwa mbuzi kutokana na nywele na majani yasiyoyeyuka, hilo nalo likaaminika kuwa linazuia sumu. Hata kimfupa kidogo cha kwenye moyo wake kilivaliwa kama hirizi. Anayedhani uganga wa viungo vya wanyama ni mambo ya Afrika tu, hapo apite taratibu.

Kisha zikaja bunduki nzuri zaidi. Mwindaji wa upinde alilazimika kumsogelea mnyama sana, wa bunduki hana haja hiyo. Bonde moja baada ya jingine likabaki tupu. Uswisi wakaisha, Austria wakaisha. Mwanzoni mwa karne ya 19, ibex wote wa Alps waliobaki walikuwa kama 100 tu, na wote walikuwa sehemu moja: milima ya Gran Paradiso, kaskazini-magharibi mwa nchi ambayo leo ni Italia.

Afisa misitu mmoja wa eneo hilo aliona hatari na kuwashtua wakubwa. Mwaka 1821 ufalme ukapiga marufuku kuwawinda. Lakini sheria ya karatasi na mlima wenye theluji ni vitu viwili tofauti. Ujangili uliendelea.

MFALME ALIYEPENDA KUUA, AKAWAOKOA

Hapa ndipo historia inapochekesha.

Mtu aliyebadilisha mambo alikuwa mfalme, yule yule ambaye mwaka 1861 alikuja kuwa mfalme wa kwanza wa Italia iliyoungana. Na hakuwa mpole kwa wanyama hata kidogo. Alikuwa na uchu wa kuwinda usio na mfano. Mwaka 1856 aliitangaza Gran Paradiso kuwa eneo lake binafsi la uwindaji. Wanakijiji wakaambiwa kuanzia sasa ibex ni wa mfalme.

Kama angeishia hapo, ungekuwa ni ubeberu tu: mkubwa amechukua mbuzi wa wadogo. Na neno lenyewe limekaa mahali pake, maana beberu alikuwa anawinda mabeberu. Lakini mfalme alifanya mambo mawili ya akili. Kwanza, alijenga njia za nyumbu kwenye milima ile kwa kilomita zaidi ya mia tatu, pamoja na nyumba za kulala, na wenyeji wakapata vibarua. Pili, akaajiri walinzi kutoka kwenye vijiji vile vile, wakiwemo watu waliokuwa majangili. Nani anajua njia za mwizi kuliko aliyekuwa mwizi?

Mfalme akija kuwinda, mamia ya wanakijiji walilipwa kuzunguka mlima na kuwasukuma wanyama kuelekea pale alipojificha nyuma ya ukuta wa mawe. Aliua wengi. Ukitembelea kasri la Sarre kwenye bonde la Aosta utakuta kumbi ambazo kuta zake zimejaa pembe kutoka chini mpaka darini. Lakini alijua akiwaua wote hatakuwa na cha kuwinda mwakani, na majike na watoto waliachwa wazaane. Idadi ikapanda kutoka mamia hadi maelfu.

Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, mjukuu wake aliikabidhi ardhi hiyo kwa serikali, na mwaka 1922 Gran Paradiso ikawa hifadhi ya taifa ya kwanza ya Italia. Njia alizochonga babu ili afike kuua ndizo watalii wanazopita leo wakipiga selfie na ibex.

WATOTO WALIOVUSHWA MPAKA KIMAGENDO

Majirani zao wa Uswisi walikuwa na roho ya kutu. Ibex ni alama yao, yupo mpaka kwenye bendera ya jimbo la Graubünden, lakini kwenye milima yao hakuna hata mmoja. Wakaomba kuuziwa. Mfalme wa Italia akakataa katakata. Wangeendelea kuwa wa kwake peke yake.

Waswisi wakaingia mlango wa nyuma. Walizungumza na majangili wa upande wa Italia, watu ambao waliijua Gran Paradiso kama kiganja cha mkono. Kazi ilikuwa kukamata watoto wachanga na kuwavusha mpaka. Mwaka 1906 watoto watatu wa kwanza wakafika kwenye bustani ya wanyama ya Peter und Paul mjini St. Gallen. Miaka iliyofuata wakaja wengine kwa njia hiyo hiyo.

Watoto wakakua, wakazaana. Mwaka 1911 ibex watano wakaachiwa huru kwenye milima ya jimbo la St. Gallen. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kwa mlima wa Uswisi kukanyagwa na ibex huru.

Umuhimu wa wizi ule ulionekana baadaye. Vita ya Pili ya Dunia ilipopiga Italia, njaa na bunduki vilijaa milimani, na ikafika mwaka 1945 hifadhi ya Gran Paradiso imebaki na ibex kama 400 tu. Kama kungetokea ugonjwa pale, kila kitu kingekwisha, isipokuwa wale wa Uswisi, wajukuu wa watoto walioibwa. Leo Alps nzima ina ibex zaidi ya 50,000, na wote ukoo wao unarudi kwenye wale 100 wa Gran Paradiso. Wanasayansi wanasema mpaka sasa damu zao zinafanana mno, jambo linalowafanya wawe dhaifu mbele ya magonjwa.

WALIOCHELEWA

Sio kila ukoo ulipata bahati ya kuwa na mfalme mwenye uchu au jirani mwenye wivu.

Kwenye milima ya Pyrenees, kati ya Hispania na Ufaransa, kulikuwa na ibex aliyeitwa bucardo. Katika karne ya 19 wawindaji wenye uwezo kutoka nchi za mbali walikuwa wanaenda kumfuata kwa ajili ya pembe zake. Hifadhi ya Ordesa ilianzishwa mwaka 1918, lakini tayari walikuwa wachache mno, na hawakuwahi kuongezeka tena. Januari 2000 jike wa mwisho alikutwa amekufa, ameangukiwa na mti.

Wanasayansi walikuwa wamehifadhi kipande cha ngozi yake. Mwaka 2003 walifanikiwa kutengeneza nakala yake, kwa kutumia mbuzi mwingine kubeba mimba. Mtoto akazaliwa hai, akahangaika kupumua, na baada ya dakika chache akafa kwa sababu mapafu yake yalikuwa na hitilafu. Hivyo bucardo ameingia kwenye rekodi kama mnyama aliyetoweka mara mbili. 

WANA WA RAIS NA KONDOO WA MARCO POLO

Wakati Ulaya ikihesabu waliobaki, matajiri walianza kutazama Asia. Marco Polo alipita Pamir katika karne ya 13 na kusimulia habari za kondoo wakubwa ajabu, ambao wachungaji walitumia pembe zao kutengeneza mabakuli na kuzungushia mazizi. Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya walidhani alikuwa anaongeza chumvi. Hakuongeza.

Mwaka 1925 ndugu wawili, wana wa aliyekuwa rais wa Marekani, walifunga safari kwenda kuwatafuta kwa niaba ya jumba la makumbusho la Field la Chicago. Mmoja wao hakuwa mgeni kwa mambo haya: mwaka 1909, akiwa na miaka 19, alishuka melini Mombasa pamoja na baba yake kwa ile safari maarufu ya kuwinda Afrika Mashariki.

Safari ya kondoo ilikuwa ya aina nyingine. Walipitia Kashmir na Ladakh, wakavuka safu ya Karakoram na misafara ya farasi, na ilichukua miezi kufika. Enzi hizo bei haikuwa ya kibali. Ilikuwa ya muda, wapagazi, farasi wanaokufa njiani na hatari ya kutorudi. Masikini wa maeneo yale walibeba mizigo wakalipwa ujira wa siku, basi. Pembe zikaenda Chicago.

MNADA: PALE KIBALI KILIPOGEUKA KUWA NYARA

Marekani yenyewe ilikuwa na aibu yake. Kondoo mwitu wa milima ya Rocky waliliwa na wachimba dhahabu, wakauzwa nyama mijini, na kubwa kuliko yote, wakaambukizwa magonjwa na kondoo wa kufugwa walioletwa kuchungwa juu milimani. Nimonia inayobebwa na kondoo wa nyumbani bila shida inaweza kufagia kundi zima la wale wa porini. Ilipofika katikati ya karne ya 20 walikuwa wamebaki sehemu ndogo tu ya walivyokuwa.

Mwaka 1948 mwandishi mmoja wa mambo ya uwindaji aliwapa wawindaji jina la kushindania: anayefanikiwa kupata aina zote nne za kondoo mwitu wa Amerika ya Kaskazini amepiga "Grand Slam". Ikawa kama kukusanya makombe. Wenye pesa wakaanza kuwania, na vibali ni vichache.

Majimbo yakaona fursa. Mwananchi wa kawaida akaachiwa bahati nasibu: analipa ada ndogo, anasubiri jina litoke, na wapo wanaosubiri miaka zaidi ya 20 bila kupata. Pembeni kikatengwa kibali kimoja au viwili vya mnada. Mwaka 2013 kibali kimoja cha jimbo la Montana kiliuzwa kwa dola 480,000. Pesa ya minada hii hutumika kuhamisha kondoo kwenda milima waliyotoweka, kutibu makundi na kutafiti ile nimonia. Kwa hiyo tajiri mmoja akipiga dume mmoja mzee, kundi jipya linapata lori la kulipeleka kwenye mlima mwingine.

CHIFU WA TORGHAR

Sasa rudi Pakistan, mahali stori ilipoanzia.

Baada ya vita ya Afghanistan kuanza mwaka 1979, bunduki za kivita zilimwagika mpakani kama njugu. Kwenye milima ya Torghar, jimbo la Balochistan, kila mwenye silaha alikuwa mwindaji. Katikati ya miaka ya 1980 markhor wa pale walikadiriwa kuwa chini ya 100, na kondoo mwitu wa hapo nao walikuwa wanaelekea kwisha.

Kiongozi mmoja wa kabila akaomba ushauri kwa wataalamu wa wanyamapori kutoka Marekani. Mpango uliotoka ulikuwa mwepesi kuuelezea, mgumu kuufanya: watu wote waache kuwinda, wawindaji wazuri waajiriwe kuwa walinzi, na mishahara yao ilipwe kwa kuuza uwindaji wa madume wachache sana wazee kwa wageni. Mbinu ya yule mfalme wa 1856, ila safari hii hakuna mfalme. Mlima ulikuwa wa kabila na pesa ilikuwa inabaki kwa kabila.

Mwanzo walinzi walikuwa wachache, wakaongezeka mpaka makumi. Ilipofika mwaka 2011 markhor wa Torghar walikadiriwa kuwa zaidi ya 3,000.

Mwaka 1997, kwenye mkutano uliofanyika Harare, nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama walio hatarini, ziliiruhusu Pakistan kutoa nyara za markhor 6 kwa mwaka. Mwaka 2002 wakaongezwa kufika 12. Nchi nzima, mbuzi 12! Uchache huo ndio umepandisha bei. Mwaka 2019 kibali kimoja kilifika dola 110,000, na miaka mitano baadaye ndipo yule jamaa wa Chitral akaweka mezani 271,000.

Na utaratibu ni huu: asilimia 80 ya pesa ya kibali inaenda kwa jamii inayoishi na wanyama hao, 20 inabaki serikalini. Kuna mabonde ambako hiyo pesa imelipa walinzi, imejenga madarasa, zahanati na mifereji ya maji. Mwaka 2015 markhor alishushwa kutoka kundi la wanyama walio hatarini kutoweka, akawekwa kundi la wanaokaribia hatari. Hata chui wa theluji, ambaye chakula chake ni hao hao mbuzi, amenufaika bila kulipa senti.

LAKINI SIO STORI YA MALAIKA

Wapinzani wa uwindaji huu wapo, na wana hoja.

Hoja ya kwanza ni pembe zenyewe. Kwenye mlima mmoja wa Alberta, Kanada, watafiti walifuatilia kondoo mwitu kwa miaka 30 na kukuta kwamba kila wawindaji walipoondoa madume wenye pembe kubwa, vizazi vilivyofuata vilizaliwa na pembe ndogo zaidi. Ukiua warembo kila mwaka, urembo unaondoka kwenye ukoo.

Ya pili ni ya moyoni. Jimbo la Valais huko Uswisi lilikuwa likiwauzia wageni vibali vya kuwinda ibex, pembe zikiwa ndefu bei inapanda. Mwaka 2019 kipindi cha televisheni kiliwaonyesha wananchi jinsi biashara hiyo inavyofanyika, watu wakachefukwa, na kuanzia 2021 jimbo likaacha kuwauzia wageni nyara hizo. Pesa ilikuwepo. Watu wakasema hata hivyo hapana.

Ya tatu ndiyo nzito, na Watanzania wanaielewa bila kutafsiriwa, maana vitalu vya uwindaji na jumuiya za hifadhi za vijiji, zile WMA, vipo hapa hapa. Mgao. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na kati ya mnada na kijiji kuna kamba nyingi. Asilimia 80 kwenye karatasi ni tamu. Lakini mwanakijiji anapima kwa zahanati anayoiona, sio kwa karatasi.

Ukipanga matukio yote mstari mmoja, picha inajichora. Damu ya ibex ilikuwa na bei, na pesa ilikwenda kwa aliyeua wa kwanza, wanyama wakaisha. Pembe za Pamir zilikuwa na bei, mpagazi akapata ujira wa siku. Gran Paradiso jangili alipewa mshahara, ibex wakarudi. Torghar kabila lilipewa mlima wake, mbuzi chini ya 100 wakawa zaidi ya 3,000. Bei ya mnyama ilikuwepo kila mahali. Kilichobadilika ni mfuko ilikoingia.

Kwa sasa, kila Desemba theluji ikiwashusha markhor chini kidogo na madume wakianza kupigania majike, kule Chitral kuna kijana analala kwenye jabali na darubini, anahesabu pete kwenye pembe. Baba au babu yake huenda aliwahi kuwapiga hao mbuzi kwa ajili ya kitoweo. Yeye analipwa ili wasipigwe, isipokuwa mmoja, mzee, mwenye bei ya nyumba ya ghorofa.

Je, ungekuwa wewe ndiye mwenyekiti wa hicho kijiji, ungeuza huyo mmoja ili wengine walindwe, au ungesema kama Waswisi kwamba pesa iende tu?